Nilivyoolewa Ng'ambo ya Weruweru

Kwetu Uchaggani, ukitaka kujua mtu ni dhehebu gani huna haja ya kumuuliza anasali wapi. Muulize tu anatoka wapi. Mwaka 1893 wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Machame, na mwaka huohuo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni Kibosho. Katikati unapita mto Weruweru. Waliokuwa upande ule wakawa Walutheri, wa upande huu wakawa Wakatoliki, na wajukuu wakarithi dini pamoja na migomba. Mimi ni mzaliwa wa Machame. Mwaka 1977 niliolewa Kibosho.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, na watu walidhani atakataa. Alimuuliza mshenga swali moja tu: huko kwenu watoto wa kike wanasomeshwa? Alipoambiwa wanasomeshwa, akapokea kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mazungumzo yakaendelea. Mama ndiye aliyelia, si kwa sababu ya Papa bali kwa sababu Kibosho walikuwa na sifa ya ukali.

Sikubatizwa upya, maana Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Walutheri. Nilifundishwa na katekista wa kigango, kanisa letu dogo chini ya parokia, nikapokelewa, ndoa ikafungwa. Kipaimara nilikuja kukipata baadaye pamoja na watoto wa shule, mimi nikiwa mrefu kuliko wote kwenye mstari, na mtoto mgongoni.

Jumuiya ndogondogo zilikuwa bado ngeni wakati huo. Mwaka mmoja kabla sijaolewa, maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki na Kati walikuwa wamekutana wakaamua kuzifanya kuwa msingi wa Kanisa, kwa hiyo nilikuta watu wenyewe bado wanajifunza kukaa nyumba moja wiki hii na nyingine wiki ijayo, alfajiri, wanasoma Injili ya Dominika na kuulizana nani mgonjwa. Siku yangu ya kwanza tulisali Baba Yetu. Wao wakasema "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", mimi nikasema "ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe". Walipofika "utuopoe maovuni" wakanyamaza. Mimi nikaendelea peke yangu, kwa sauti, "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu", mpaka nikagundua kwamba watu wote wananitazama. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akaitikia "Amina" kwa nguvu kama vile ndivyo ilivyopangwa. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha karibu yote ninayoyajua kuhusu kuishi Ukatoliki kijijini. Hakujua kusoma. Rozari aliisali huku akimenya ndizi, na mkono ukiwa na utomvu aliihesabu kwa maganda badala ya shanga. Kengele ya saa sita ikilia misheni, alisimama katikati ya migomba, jembe mkononi, akasema Malaika wa Bwana, kisha akaendelea pale alipoishia hata kama alikuwa katikati ya kunigombeza. Sikumwona hata siku moja akipiga magoti muda mrefu. Alikuwa na ng'ombe ndani ya banda, na ng'ombe wa ndani hangoji umalize litania. Majani yalitoka tambarare, kwenye shamba la mahindi, na tuliyapandisha mlimani kichwani, wanawake peke yetu, wakati wa jua kali.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza alinifungia ndani. Kwa miezi mitatu sikushika jembe wala kuteka maji. Asubuhi mtori, mchana maziwa na samli, jioni kisusio, ile supu yetu ya damu, na mume wangu akisogea karibu na chungu anafukuzwa. Wasichana wa siku hizi wakisikia habari za mama wakwe wa Kichagga wanatetemeka. Wangejua kuna mama mkwe aliyebeba maji yangu mgongoni ili maziwa yasikauke, wangeongea taratibu.

Jambo ambalo wasingelitegemea kwa mama wa Kanisa ni fundisho lake la fedha. Alinikalisha siku moja baada ya kuuza mikungu akaniambia: "Mwanangu, fedha ya kahawa ni ya baba na ya chama cha ushirika. Fedha ya ndizi ni ya sufuria. Usimwonyeshe mumeo, usimwonyeshe hata padre." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Wakati huo kahawa ilikuwa mfalme. Ilipandwa na mume, ikaandikwa ghalani kwa jina la mume, malipo akapokea mume. Kuchuma, kumenya, kuosha na kuanika tulifanya sisi na watoto, lakini kwenye daftari la ghala jina langu halikuwepo. Siandiki haya kwa uchungu, ndivyo mambo yalivyokuwa, na mume wangu hakuwa mtu wa kunywea fedha. Aliezeka nyumba bati kwa kahawa, akasomesha wawili wa kwanza kwa kahawa. Kisha mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizigawia nchi mgao wa kuuza ukavunjika na bei ikaporomoka. Habari za mkataba tulikuja kuzisikia baadaye. Tulichokiona ni kwamba malipo ya pili hayaji, na mrututu, dawa ya kupulizia ugonjwa wa chulebuni kwenye kahawa, unazidi kupanda bei. Kung'oa mibuni kulikatazwa na sheria, basi watu wakaiacha ife yenyewe, wakapanda nyanya na maharage katikati yake.

Mume wangu alikaa kimya miezi mingi. Alikuwa anakwenda shambani, anasimama, anarudi. Mwanamume wa Kibosho aliyelelewa kwa kahawa, ukimwondolea kahawa, hajui ajiite nani. Kilichotulisha ni ndizi za mshare na maziwa. Mikungu ilipakiwa kwenye gari kabla ya jua kuchomoza kwenda soko la Mbuyuni, Moshi mjini, na jioni narudi na chumvi, mafuta ya taa na ada. Ile fedha ya sufuria ndiyo iliyomfikisha mwanangu wa tatu kidato cha nne. Mume wangu alijua inakotoka, akaanza kunisaidia kubeba mikungu mpaka barabarani, jambo ambalo majirani walilizungumza kwa muda mrefu kuliko walivyozungumza habari za bei ya kahawa.

Ilikuwa katikati ya shida hizo, Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Tanzania na kufika Moshi. Tuliteremka usiku kwa miguu. Mama mkwe alikuwa mzee tayari, alikataa kupanda gari akisema hija haipandiwi gari. Mama yangu mzazi naye akaja kutoka Machame, Mlutheri yule, "kumtazama tu". Walisimama pamoja wale wakwe wawili chini ya mwavuli mmoja, na mpaka leo sijui walinong'onezana nini, maana kila mmoja nilipomuuliza alisema ni mwenzake aliyekuwa anaongea.

Mwanangu wa kwanza wa kiume alikuwa seminari ndogo. Kama hujazaliwa kwenye parokia kongwe ya mlimani huwezi kuelewa hilo linamaanisha nini. Kibosho imetoa mapadre na masista kwa wingi, na mama ambaye mtoto wake yuko seminari hupewa nafasi kwenye benchi bila kuomba. Waliniita Mama Padre. Kwenye harusi niliwekewa nyama ya heshima. Kijana alirudi nyumbani likizo ya kidato cha tano, akaniambia jikoni kwamba harudi, hana wito. Hakuwa amefanya kosa lolote wala hakuwa na msichana. Alikuwa amefikiri, basi.

Lile jina lilikufa siku moja. Hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kuniita, na kuacha huko kunasikika. Mume wangu aliumia kuliko mimi. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa amesali zaidi kuliko sisi sote apate mjukuu padre, alimwita kijana akamkalisha kwenye kigoda chake, akamuuliza kama amekula. Kisha akamtuma akakate majani. Leo ni fundi umeme Arusha, ana mke na watoto, na anaimba besi kwenye kwaya ya parokia yake. Nimeona akina mama wengine wakimsukuma kijana arudi kwa sababu ya lile benchi la mbele. Mmoja namfahamu alirudi, akapata upadre, akauacha. Afadhali kijana aseme jikoni akiwa kidato cha tano.

Binti yangu anayefuata yuko Dar es Salaam, ameokoka, anasali kwa walokole. Kila akipiga simu ananiuliza kama nimempokea Yesu. Baba yake alitaka kumkatia simu. Mimi nilimwambia mwenzangu, mimi mwenyewe nilivuka Weruweru, nitamkemea kwa mdomo gani? Simu zake nazipokea, namwambia nimempokea tangu Machame, halafu tunaongea habari za wajukuu.

Nilichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya baada ya kuwa mweka hazina kwa vipindi kadhaa. Kazi ya hazina niliipenda. Nilikuwa na daftari lenye mistari niliyoichora mwenyewe: zaka, mchango wa Kwaresima, mavuno, msaada wa wagonjwa. Ndipo nilipojifunza hesabu, si shuleni, na hesabu hizohizo nikazihamishia kwenye kikundi chetu cha vikoba, hisa na mikopo. Uenyekiti ulikuwa jambo jingine. Mwenyekiti ndiye anayeandika barua. Mtoto kubatizwa, barua. Kijana kuoa, barua. Mtu akifa, paroko anauliza jumuiya: alikuwa Mkristo hai? Alihudhuria? Alitoa zaka? Ukijibu hapana, kuna uwezekano padre asifike, na msiba ukaongozwa na katekista au na majirani tu.

Kulikuwa na seremala mmoja wa jumuiya yetu. Mnywaji. Jumuiyani hakuonekana miaka mingi, kadi yake ya zaka ilikuwa tupu kama ilivyotoka kiwandani. Alifariki wakati wa Kwaresima. Mkewe akaja kwangu usiku, khanga kichwani, hakukaa hata tulipomvutia kiti. Aliuliza tu, "Mama, utamwambiaje paroko?"

Sikulala. Kudanganya sikutaka, kwa sababu barua yangu ilikuwa na thamani kwa vile sikuwahi kudanganya. Lakini nilikumbuka mabenchi ya kigango. Yule mtu ndiye aliyeyatengeneza, na daftari la hazina, lile langu mwenyewe, lilionyesha kwamba alilipwa nusu. Nusu nyingine haikulipwa kamwe, na yeye hakudai. Asubuhi nikaenda parokiani. Paroko akaniuliza, unathibitisha kwamba alikuwa anashiriki? Nikasema, "Baba, mimi nathibitisha mabenchi," nikafungua daftari nikamwonyesha. Alilitazama kwa muda. Akaja kuzika.

Si kila mtu alifurahi. Mama mmoja mjane, ambaye zaka yake huitoa kwa kuuza mayai, alinifuata baada ya msiba akaniuliza yeye anajisumbulia nini basi. Nilikosa jibu la kumtosheleza na sijalipata hadi leo. Utaratibu wa kadi una sababu zake: Kanisa hapa linaendeshwa na fedha zetu, hakuna tena misaada ya zamani kutoka Ulaya, na bila kadi wachache ndio wanaobeba wengi. Ila majina ya wasiotoa yakisomwa mbele ya altare, siku hiyo mimi hutazama chini.

Mume wangu alifariki mwaka 2008, kisukari. Tulimzika kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, karibu na mama yake. Matanga hayajaisha, ukoo ukaitisha kikao. Mila yetu inajulikana: kihamba cha baba hurithiwa na kitinda mimba wa kiume. Wa kwangu alikuwa bado shule. Shemeji mkubwa akasema ukoo utakisimamia mpaka kijana akue, na mimi nitaendelea "kukaa". Aliitamka hiyo "kukaa" kwa upole kabisa. Lakini wiki hiyohiyo masale ya mpaka wa chini yalikuwa yameng'olewa na kupandwa upya, hatua kadhaa ndani ya migomba yangu. Asiye Mchagga aelewe kwamba masale ndiyo mawe yetu ya mpaka. Mmea huo haung'olewi kwa bahati mbaya.

Hapo ndipo WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, iliponisaidia kwa namna ambayo hata walioianzisha mwaka 1972 sidhani kama waliikusudia. Miaka michache kabla ya hapo umoja wetu wa wanawake ulikuwa umeita msaidizi wa kisheria kwenye ukumbi wa parokia. Wengi tulikwenda kwa sababu ya chai. Alitusomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, kifungu cha 20, kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kwa vile ni mwanamke haina nguvu. Akatusimulia habari za Holaria Pastory wa Kagera, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza, mtu wa ukoo akamshitaki, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akampa haki yule mama. Niliyaandika yote nyuma ya daftari la vikoba.

Kikao cha pili cha ukoo kilifanyika nyumbani kwangu. Sikuwaita wanajumuiya, lakini walikuja. Wanawake kama kumi na kitu, wakaketi nje chini ya migomba na nyungo zao, wanachambua maharage. Hakuna aliyesema neno. Hawakuwa wanaukoo, hawakuwa na haki ya kuzungumza, na walijua. Walichambua maharage tu, madirisha yakiwa wazi. Sijawahi kuona wanaume wakizungumza kwa adabu vile. Muhtasari ukaandikwa kwamba mjane ndiye apendekezwe kuwa msimamizi wa mirathi, wakatia sahihi, nikaupeleka Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Ilichukua muda na nauli nyingi, lakini ilikwisha.

Wakati ule binti fulani msomi aliniambia, mama, sala hazikukusaidia, sheria ndiyo iliyokusaidia. Sikubishana naye. Lakini ile sheria niliisikilizia ukumbi wa parokia, na wale wenye nyungo walikuja kwa sababu kila mmoja nilishakaa kwenye msiba wake. Yeye amesoma vizuri, atafute namna ya kuvitenganisha.

Shemeji tulinyamaziana miaka. Tulikutana misa ya kwanza kila Dominika, tunapeana amani ya Kristo kwa vidole. Alipougua mguu, akamtuma mwanawe kwangu na jani la sale limekunjwa. Kwetu sale hiyohiyo ya mpaka ndiyo ya kuombea msamaha, na ukiletewa hukatai, hata kama hasira bado unayo. Mimi nilikuwa nayo. Nilipokea, nikampelekea mtori, na njiani nilisali nisimkumbushe habari za mpaka. Nilimkumbusha. Alisema masale yatarudishwa, na yalirudishwa.

Sasa nimezeeka mimi. Jubilei ya miaka 50 ya WAWATA mwaka 2022, pale Uwanja wa Mkapa, wenzangu walikwenda Dar es Salaam na vitenge vyao. Magoti yangu yaliniacha nikatazama kwenye televisheni. Kihamba kinashikwa na binti yangu wa mwisho kabla ya kitinda mimba. Ni mwalimu wa shule ya msingi, hajaolewa, na nimekoma kumuuliza. Aling'oa mibuni michovu, akapanda miche chotara isiyosumbuliwa na chulebuni, ile iliyotoka kwa watafiti wa kahawa wa Lyamungu. Kahawa inapelekwa kwenye chama kwa jina lake. Nilipoliona jina hilo kwenye risiti niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha sala, alikuja kuitafuta kwa hasira maana alikuwa anaihitaji.

Kitinda mimba yuko Dodoma, ameajiriwa, anakuja Krismasi kama Wachagga wote. Nimeandika wosia kwamba kihamba ni cha dada yake. Mashahidi nilichukua wa ukoo na wasio wa ukoo, na wa ukoo ni shemeji yule yule. Alitia sahihi huku akilalamika kwamba binti akiolewa kihamba kitahamia ukoo mwingine. Huenda. Nimeandika pia kuhusu makaburi na njia ya kuyafikia, mwanasheria alishauri.

Kijana nilimpigia mwenyewe asisikie kwa watu. Alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa mama, na sisi Krismasi tutakuwa tunafikia wapi?" Nikamwambia vyumba ni vilevile, ila dada yake ameshatangaza kwamba mwaka huu anayekuja aje na mfuko wa mbolea.